UNDUGU WA WATU USIGEUZWE BIDHAA

Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka 2000 methali hiyo iligeuzwa kuwa swali la utafiti katika kijiji cha Nyakatoke, Mkoa wa Kagera. Mchumi Joachim De Weerdt na wasaidizi wake walipita katika kaya zote 119 za kijiji hicho, na mbali ya maswali yaliyozoeleka kuhusu mashamba, mifugo na mapato, waliwauliza watu wazima: ni akina nani unaoweza kuwategemea wakusaidie kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu za mikono, na ni akina nani wanaokutegemea wewe?

Majibu yao yalichorwa kama wavu. Kila kaya ikawa fundo, na kila tegemeo likawa uzi unaounganisha fundo moja na jingine. Kaya 119 zingeweza kuunda jozi 7,021, lakini nyuzi zilizoonekana zilikuwa sehemu ndogo tu ya jumla hiyo. Tena nyuzi hizo hazikutandazwa ovyo. Zilifuata udugu wa damu, ukoo, ujirani, dini na mali. Jambo lililo zito kuliko yote ni kwamba kaya maskini zilikuwa na nyuzi chache kuliko kaya zenye uwezo. Mwenye dhiki nyingi ndiye aliyekuwa na marafiki wachache wa kumfaa.

Kwa mtumishi wa umma habari hiyo si ya kusoma na kuiweka kando. Ni rahisi mno kwa mpangaji aliyekaa ofisini kuamini kwamba kijijini hakuna asiye na jamaa, na kwamba mgonjwa au mjane atabebwa na ndugu zake. Mchoro wa Nyakatoke unaonyesha kwamba wako watu ambao wavu wa undugu hauwafikii vizuri, na kwamba aghalabu hao ndio wanaouhitaji zaidi. Afisa anayelijua jambo hilo hataanza kutafuta wahitaji mahali pale pale atakapoanzia afisa asiyelijua.

Lakini elimu iliyotumika Nyakatoke haitumiki na watafiti wa vijiji peke yao. Makampuni ya simu, ya matangazo, ya madawa na ya mikopo yanaitumia kila siku kwa ajili ya faida. Kwa hiyo hapana budi swali liulizwe waziwazi: mchoro wa undugu wa watu ni mali ya nani, na uko mikononi mwa nani?

ELIMU YENYEWE

Elimu hiyo huitwa uchambuzi wa mitandao ya watu. Jina hilo lisichanganywe na yale mazungumzo na picha za kwenye simu ambazo siku hizi nazo huitwa mitandao ya kijamii. Mtandao unaozungumzwa hapa ni wa kale kuliko simu. Ni habari ya nani anamjua nani, nani humwomba nani ushauri, nani humkopesha nani, na nani humsikiliza nani. Takwimu za kawaida humhesabu mtu mmoja mmoja, yaani umri wake, elimu yake na mshahara wake. Elimu hii huhesabu kile kilicho baina ya mtu na mtu.

Mwaka 1932, katika shule ya marekebisho ya wasichana iliyokuwa Hudson, jimbo la New York nchini Marekani, wasichana 14 walitoroka katika muda wa wiki mbili. Wakuu walizoea kutafuta sababu katika tabia ya kila mtoro. Daktari Jacob Moreno alichora uhusiano wa wasichana hao, nani anampenda nani na nani anamkataa nani, akaeleza kwamba wazo la kutoroka lilipita katika nyuzi hizo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, pengine bila wao wenyewe kufahamu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1934, na tangu hapo michoro ya namna hiyo imeenea katika vyuo vikuu vingi.

Afrika si mgeni katika elimu hii. Watafiti wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia katika miji ya migodi na viwanda. Mwaka 1969 J. Clyde Mitchell alihariri kitabu kilichokusanya kazi zao kuhusu mitandao ya watu mijini. Mmoja wao, Bruce Kapferer, alichunguza kiwanda cha kushona nguo mjini Kabwe, na mwaka 1972 akatoa kitabu juu yake. Aliandika mara mbili, kwa muda wa miezi saba baina ya mara ya kwanza na ya pili, nani katika wafanyakazi alikuwa akisaidiana na nani kazini, na nani alikuwa rafiki wa nani.

Baada ya uchunguzi wa kwanza wafanyakazi walijaribu kugoma, wakashindwa. Baada ya uchunguzi wa pili waligoma, wakafaulu. Michoro miwili ikiwekwa pamoja inaonekana kwamba katika miezi hiyo saba nyuzi za urafiki ziliongezeka, na kiwanda kikakaribia kuwa wavu mmoja. Umoja wa wafanyakazi, ambao wengi huuzungumza kama jambo la moyo tu, uliweza kuonekana kwenye karatasi kabla haujatangazwa mlangoni mwa kiwanda.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Kama karatasi hiyo ingekuwa mezani kwa mwenye kiwanda, angejua ni fundo gani la kukata: nani ahamishwe, nani aachishwe kazi, nani apandishwe cheo ili atengane na wenzake. Kama ingekuwa mikononi mwa wafanyakazi, wangejua ni nani miongoni mwao amebaki peke yake na anahitaji kuvutwa karibu. Mchoro wenyewe hauna upande. Upande huletwa na mkono unaoushika.

KUJUANA

Katika ofisi za umma neno kujuana lina harufu mbaya, na si bila sababu. Husemwa juu ya mtu aliyepata nafasi kwa kupitia mlango wa nyuma. Utafiti wa Mark Granovetter, uliofanywa katika mji wa Newton karibu na Boston na kujulikana kwa makala yake ya mwaka 1973, unasaidia kulitazama jambo hilo kwa makini zaidi. Aliwauliza wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadilisha kazi jinsi walivyopata habari za kazi hizo. Kati ya waliosaidiwa na mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra.

Sababu yake ni rahisi ikishaelezwa. Marafiki wa karibu husikia habari zile zile, maana wanakaa baraza moja. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali kidogo: aliyesoma naye zamani, aliyefanya naye kazi wilaya nyingine, jirani aliyehamia mji mwingine. Maana yake kwa nchi ni nzito. Hata pasipo rushwa, hata pasipo upendeleo wa makusudi, nafasi ya kazi isiyotangazwa itawafikia wale tu ambao nyuzi zao zinafika ofisini. Mtoto wa mkulima aliyehitimu vizuri hatakataliwa. Hatasikia tu kwamba nafasi ilikuwapo. Ndiyo maana kutangaza nafasi hadharani, kama ifanyavyo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ni jambo la haki na wala si urasimu. Tangazo ni uzi unaotupwa kwa yule asiye na mtu.

WAFANYABIASHARA WALIWAHI

Wakati vyuo vikuu vikibishana juu ya michoro hii, wafanyabiashara walikwisha kuona faida yake. Katika miaka ya 1950 kampuni ya madawa ya Pfizer ilitoa fedha za kuchunguza jinsi dawa mpya ya tetrasaiklini ilivyoenea miongoni mwa waganga katika miji minne ya jimbo la Illinois. James Coleman, Elihu Katz na Herbert Menzel waliwauliza waganga: huomba ushauri kwa nani, huzungumzia wagonjwa na nani, hutembelewa na nani? Kisha wakalinganisha majibu hayo na karatasi za dawa zilizobaki kwa wauza dawa. Ikaonekana kwamba waganga waliokuwa na wenzao wengi wa kuzungumza nao walianza kuitumia dawa mapema kuliko wale waliojitenga.

Kitabu chao cha mwaka 1966 kilisomwa sana, na funzo lililotolewa na wauzaji lilikuwa jepesi: usipoteze nauli kwa kumtembelea kila mganga, mtafute yule ambaye wenzake humsikiliza. Lakini mwaka 2001 Christophe Van den Bulte na Gary Lilien walizirudia hesabu hizo, wakazingatia pia juhudi za makampuni ya madawa katika kutangaza bidhaa zao. Matokeo ya mganga kumwambukiza mganga mwenzake yakatoweka. Huenda walioonekana kuigana walikuwa wameambiwa na msemaji yule yule. Ni onyo kwa kila anayetaka kuupokea mchoro wa mtandao kana kwamba ni ushahidi usiopingika.

Siku hizi hakuna haja ya kupiga hodi kwa waganga. Kampuni ya simu inajua bila kumuuliza mtu ni nani alimpigia nani, saa ngapi na kwa muda gani, na nani alimtumia nani fedha. Wataalamu wa biashara hiyo wamekwisha kuonyesha kwamba mteja ambaye rafiki zake wamehamia kampuni nyingine ana hatari kubwa zaidi ya kuhama naye. Kwa hiyo kampuni humwahi na zawadi ya muda wa maongezi kabla hajaamua. Mabenki nayo hutumia elimu hiyo hiyo kukamata wezi: akaunti kumi za majina tofauti zinazotumia anwani moja na namba moja ya simu ni fundo linalostahili kufunguliwa. Waandishi wa habari wa nchi nyingi walipopata nyaraka milioni 11.5 za kampuni moja ya wanasheria ya Panama, walitumia programu za kuchora mitandao ili waone ni tajiri gani amejificha nyuma ya kampuni gani. Matumizi ya namna hiyo ni ya halali, na mengine yanasifika.

MKOPO WA MMOJA, AIBU YA WENGI

Ubaya huanza pale ambapo undugu wenyewe unawekwa rehani. Katika Tanzania na Kenya zimeenea programu za simu zinazotoa mikopo midogo kwa dakika chache, bila dhamana ya nyumba wala ng'ombe. Mwalimu ambaye mshahara umekwisha na mtoto anadaiwa sare huona ameokolewa. Anabonyeza anapoambiwa abonyeze. Kati ya yale aliyoyaruhusu bila kuyasoma, katika baadhi ya programu hizo, ni mkopeshaji kuifungua orodha yote ya majina na namba zilizomo katika simu yake.

Mwalimu huyo anadhani hakutoa dhamana. Ametoa. Ameweka rehani jina lake mbele ya mkwewe, mbele ya mkuu wake wa shule, mbele ya wazazi wa wanafunzi wake na mbele ya fundi aliyemtengenezea baiskeli miaka mitano iliyopita. Siku ya malipo ikipita, ujumbe husambazwa kwa watu hao kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Kwa mchambuzi wa mitandao ni jambo lililopangwa vizuri: mkopeshaji ametambua kwamba heshima ya mtu haikai ndani yake, inakaa katika nyuzi zinazomuunganisha na wenzake, naye anazivuta nyuzi hizo mpaka ziume. Wananchi hawakukosea walipoiita mikopo ya namna hii kausha damu.

Serikali hazikukaa kimya. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 kwa watoa mikopo ya kidijitali zilikataza kutumia orodha ya majina ya mkopaji ili kumdai kwa kumwaibisha. Kampuni ya Google ilipiga marufuku programu za mikopo zinazosoma majina na picha za simuni katika duka lake kuanzia tarehe 31 Mei, 2023. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume yake ikaundwa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hizo ni hatua njema. Lakini programu ikifungwa leo chini ya jina moja huweza kufufuka kesho chini ya jina jingine, na majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi.

UZI UNA NCHA MBILI

Watetezi wa biashara hii husema kwamba mkopaji aliridhia. Aliulizwa, akakubali, basi alaumiwe mwenyewe. Hoja hiyo haina miguu. Uzi una ncha mbili. Mwalimu aliridhia kwa ncha yake; mkwewe, mkuu wake wa shule na yule fundi wa baiskeli hawakuulizwa. Mtu hawezi kutoa ruhusa juu ya kitu ambacho nusu yake ni ya mwingine, kama vile ndugu mmoja asivyoweza kuuza shamba la ukoo kwa sababu tu yeye ndiye aliyekutwa nyumbani.

Dunia ililiona jambo hilo kwa ukubwa wake mwaka 2018. Watu wapatao 270,000 walikuwa wamekubali kujibu maswali ya programu moja katika Facebook. Kwa kuwa programu hiyo iliruhusiwa kuchukua pia habari za rafiki zao, habari za watu wanaokadiriwa kufikia milioni 87 zikaingia mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica, iliyokuwa ikifanya biashara ya kushawishi wapiga kura. Kampuni hiyo ilikuwa imefanya kazi pia katika uchaguzi wa Kenya. Kwa kila aliyekubali, zaidi ya watu 300 walichukuliwa bila kuulizwa. Ndiyo hesabu ya mtandao. Sheria inayomtazama mtu mmoja na sahihi yake peke yake itakuwa inachunga mbuzi mmoja huku zizi zima likiondoka.

Pana tofauti ambayo wananchi wa umri mkubwa wataifahamu mara moja. Balozi wa nyumba kumi, tangu utaratibu huo ulipoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, alijua nani ni ndugu wa nani na nani amegombana na nani. Lakini watu wake nao walimjua yeye, walijua nyumba yake, na waliweza kumlaumu usoni akiitumia vibaya siri yao. Mkopeshaji wa simuni anajua kila kitu juu ya mtu, na mtu huyo hajui hata mlango wa ofisi yake uko mtaa gani. Kujua kwa upande mmoja ni aina ya utawala.

KAZI YA ELIMU HII KWA UMMA

Haifai, kwa sababu ya maovu hayo, kuitupa elimu yenyewe. Mifano ya matumizi yake mema ipo, na baadhi inawahusu walimu moja kwa moja. Katika jimbo la Karnataka nchini India shirika moja la mikopo midogo liliingia katika vijiji 43 ambavyo watafiti walikuwa wamekwisha kuchora mitandao yake. Kila mahali liliwaita kwanza watu wale wale: walimu, wenye maduka na viongozi wa vikundi vya akiba. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013 na Abhijit Banerjee, Arun Chandrasekhar, Esther Duflo na Matthew Jackson, yalionyesha kwamba watu wengi zaidi walijiunga pale ambapo waliotangulia kuambiwa walikuwa katikati ya wavu, yaani waliunganishwa na watu ambao nao waliunganishwa vizuri. Cheo peke yake hakikutosha. Tena hata asiyechukua mkopo mwenyewe alipitisha habari kwa wenzake, ingawa si kwa nguvu sawa na aliyechukua.

Watafiti hao wakaendelea kuuliza: je, lazima mchoro wa kijiji kizima uchorwe kwa gharama kubwa? Jibu lao la mwaka 2019 litawafurahisha watumishi wenye bajeti ndogo. Inatosha kuwauliza wanakijiji wenyewe: habari ikitakiwa ienee hapa, aambiwe nani? Watu wa kawaida, wasiojua hesabu za mitandao, walitaja majina yaliyo sahihi. Katika jimbo la Haryana watu waliotajwa hivyo walipewa kazi ya kukumbusha habari za chanjo, na watoto waliochanjwa waliongezeka kwa asilimia 22 kuliko katika vijiji ambavyo wakumbushaji walichaguliwa kwa bahati nasibu. Bwana shamba, bibi afya na mratibu wa elimu wanaweza kuuliza swali hilo kesho asubuhi bila kompyuta. Huenda jina litakalotajwa lisiwe la mwenyekiti. Huenda likawa la mama anayeuza vitumbua kisimani.

Na Kagera yenyewe, mkoa ambamo kijiji cha Nyakatoke kimo, ilitoa mfano mzito kuliko yote. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika Wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki. Ugonjwa huo haukuzuiwa kwa dawa, maana dawa iliyothibitishwa haikuwapo. Ulizuiwa kwa kufuata nyuzi: nani alimuuguza nani, nani aliosha maiti, nani alikula naye, nani alisafiri naye. Zaidi ya watu 200 walitajwa na kufuatiliwa siku baada ya siku, na tarehe 2 Juni, 2023 mlipuko ukatangazwa kwamba umekwisha. Ugonjwa ulirudi mwaka 2025 katika wilaya ya Biharamulo mkoani humo, na silaha ikawa ile ile.

Msomaji na aisimamie kidogo habari hii. Mganga wa Bukoba aliwezaje kupata majina hayo 200? Aliyapata kwa sababu mgonjwa au jamaa yake alimwamini. Alikubali kusema alilala kwa nani, alikumbatiana na nani msibani, na labda mambo mengine ambayo mtu hayasemi hadharani. Aliamini kwamba kumtaja ndugu ni kumwokoa.

Sasa mtu huyo huyo na afikiriwe baada ya kuona majina ya jamaa zake yakitumiwa na mkopeshaji kuwa fimbo ya kumchapia. Siku ambayo muuguzi atafika na daftari lake na kuuliza ulikuwa na nani juzi, atajibiwa: nilikuwa peke yangu. Hapo ndipo hasara ya kweli ilipo. Mwizi wa orodha za majina haibi heshima ya mdaiwa mmoja tu. Anaharibu ule uaminifu ambao bila huo daktari, bwana shamba na mwalimu hawawezi kufanya kazi yao. Kisima kikitiwa sumu na mmoja, hunyimwa maji wote.

MCHORO NI MTUMISHI

Pamoja na hayo, hata mtumishi mwema hana budi kuutumia mchoro kwa unyenyekevu. Katika Nyakatoke ilitokea mara nyingi kwamba mtu alimtaja mwenzake kuwa ni tegemeo lake, na mwenzake hakumtaja. Je, uzi huo ulikuwapo au haukuwapo? Hata walioulizwa hawakukubaliana. Ikiwa hivyo ndivyo kwa watu walioulizwa kwa upole nyumbani kwao, basi ni hatari iliyoje kumhukumu mtu kwa sababu namba yake imeonekana katika simu ya mhalifu, au kumnyima mkopo kwa sababu rafiki zake ni maskini. Kumjua mwizi si wizi. Kuzaliwa mahali penye dhiki si dosari ya mtu. Mashine inayomthamini mtu kwa thamani ya jirani zake itarudisha kwa hesabu ule ubaguzi uliokwisha kukataliwa kwa maneno.

Wajibu unaotokana na hayo yote hauhitaji semina ndefu. Kwanza, orodha yoyote ya majina iliyo mikononi mwa mtumishi wa umma ni amana: daftari la wanafunzi na wazazi wao, kadi za kliniki, wanachama wa chama cha ushirika, kundi la walimu katika simu. Isitolewe kwa muuzaji, kwa mkopeshaji wala kwa rafiki, hata akiomba kwa adabu. Pili, kila anayetaka kuchora uhusiano wa watu kwa shughuli ya umma awaeleze watu hao sababu yake, achukue yale tu yanayohitajika, na kazi ikiisha majina yafutwe. Tatu, wenye kusimamia sheria wautazame uzi wote na si ncha moja: ruhusa ya mkopaji isihesabiwe kamwe kuwa ni ruhusa ya watu waliomo katika simu yake, na anayetumiwa ujumbe wa aibu kuhusu deni la mwingine awe na mahali pa kushtaki kama mtu aliyekosewa yeye mwenyewe. Nne, vyuo vya ualimu, vya afya na vya utumishi wa umma vifundishe elimu hii, ili nchi isiwe na watu wanaochorwa kila siku na wasiojua kusoma mchoro.

Ipo pia kazi iliyo ndogo, ambayo mwalimu hasubiri sheria ili kuifanya. Mwenzake anapofika chumba cha walimu akiwa ameinamisha kichwa kwa sababu ujumbe wa deni lake umekwisha kusomwa na wote, na asogezewe kiti kama jana. Ujumbe ule ulitumwa ili kiti hicho kiondolewe.